Taa Isiyozimika

Katika masomo yote ya mwaka, somo la moto ndilo Mwalimu alilolipenda kuliko yote. Lilitaka vitu vichache tu: mshumaa, sahani, kiberiti, na glasi mbili, moja ndogo na moja kubwa. Darasa la sita, ambalo siku nyingine lilikuwa na kelele za kupasua ngoma za masikio, lilitulia tuli mshumaa ulipowashwa, kwa maana watoto wa umri ule ukiwaonyesha moto wanakupa heshima ambayo kitabu hakiipati hata kikiwa na picha za rangi.

"Tazameni vizuri," alisema, akaufunika mshumaa kwa glasi ndogo.

Mwali ukasinyaa. Ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukatetemeka, ukazimika. Uzi wa moshi ukapanda na kujikunja ndani ya glasi.

"Nani kauzima?"

"Wewe, Mwalimu!"

"Mimi? Mmeniona nikipuliza? Msinisingizie mchana kweupe."

Wakacheka. Akaurudia kwa glasi kubwa, na safari hii mshumaa uliwaka muda mrefu zaidi kabla ya kukata roho. Akawauliza kwa nini, na mikono ikainuka, na jibu likatoka nyuma kabisa karibu na dirisha: glasi kubwa ina hewa nyingi zaidi.

"Vizuri sana. Sasa sikilizeni. Hii hewa mnayoivuta ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ni naitrojeni, ambayo haina habari na moto wala haina habari na nyinyi. Kama sehemu moja katika tano ni oksijeni, na hiyo ndiyo moto unayoitaka. Ukiipata unawaka. Ukiitumia unatoa hewa nyingine, inaitwa kabonidayoksaidi, na mvuke kidogo. Ndiyo huo unyevunyevu mnaouona ndani ya glasi. Oksijeni ikipungua mno, moto unakufa. Wala hausubiri iishe yote."

"Na mtu je, Mwalimu?"

"Mtu naye anawaka, ila taratibu na bila mwali. Chakula ndiyo kuni zetu. Tunavuta oksijeni, tunatoa kabonidayoksaidi, sawasawa na mshumaa. Mahali mshumaa unapokufa kwa kukosa hewa, na wewe usikae ukajifanya shujaa."

Aliandika hayo ubaoni, na watoto wakainama kuyanakili. Hapo ndipo binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye wenzake walikuwa wamembatiza Kwanini na jina likamganda, aliinua mkono. Kwanini hakuwa mtoto wa kuuliza swali akaridhika na jibu la kwanza. Walimu wengine walimkwepa macho. Mwalimu alimpenda, ingawa hakumwonyesha sana asije akavimba kichwa.

"Mwalimu, na tochi je? Ukiifunika na glasi itazimika?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alitabasamu, akapiga meza kidogo kuwatuliza.

"Msimcheke, ni swali zuri. Tochi haizimiki. Ina betri. Ndani ya betri kuna kemikali zinazosukuma umeme, umeme unapita kwenye kile kitaa, kitaa kinatoa mwanga. Hakuna kinachoungua pale, kwa hiyo haihitaji oksijeni. Ukiifunika itawaka. Ukiitumbukiza kwenye shimo lisilo na hewa hata chembe, itawaka tu. Tochi haijali kama..."

Akanyamaza.

Watoto walisubiri. Chaki ilikuwa bado mkononi mwake na mkono ulikuwa bado hewani. Maneno yalikuwa yametoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sauti yake ya kila siku ya darasani, na sasa yalikuwa yanamrudia moja moja: shimo lisilo na hewa, itawaka tu. Aliiweka chaki mezani taratibu.

"Mwalimu, unaumwa?" Kwanini aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Malizeni kunakili." Akatoka nje, akaushika ukuta wa darasa kwa mikono miwili.

Baba yake alikuwa fundi wa visima. Si fundi wa kubahatisha. Alikuwa yule ambaye mtu akinunua kiwanja anamwita kabla ya kumwita mjenzi, akanyage ardhi na kusema maji yako wapi. Maisha yake yote alichimba na shemeji yake, ndugu wa mama, ambaye Mwalimu na kaka yake walimwita Mjomba na mtaa mzima nao ukamwita Mjomba, hata watu waliomzidi umri. Baba alishuka, Mjomba alishika kamba. Hawakuwahi kubadilishana. Mama alikuwa akiwatania kwamba yeye si mke wa kwanza, mke wa kwanza ni ile kamba.

Na walikuwa na desturi yao. Kabla ya Baba kushuka asubuhi, walifunga kandili kwenye kamba, likiwa limewashwa, wakalishusha mpaka chini. Likiwaka, anashuka. Likizimika, hashuki, wanakaa, wanapiga soga, wanapandisha na kushusha matawi ya miti ndani ya kisima mpaka jua lipande, kisha wanajaribu tena. Baba alilirithi jambo hilo kwa baba yake, naye kwa wa kwake, na hakuna aliyelifafanua zaidi ya hapo. Taa ikizimika, usishuke. Ilitosha. Kandili lenyewe liliwapa pia mwanga wa kuona chini kulivyo, na kadiri miaka ilivyokwenda watu wakaliona zaidi kwa ajili ya huo mwanga.

Mwalimu alipoajiriwa, zawadi yake ya kwanza kwa Baba ilikuwa tochi. Tochi nzuri, nzito, yenye mpini wa mpira na mwanga mweupe wa kuumiza macho. Alikumbuka alivyomkabidhi, uani, Baba amekaa kwenye kigoda ananawa miguu. "Baba, achana na masizi. Hii hata upepo uvume vipi, haizimiki." Baba aliiwasha, akaizima, akaiwasha, akammulika kuku, akacheka mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo akaifunga kwenye kamba mahali pa kandili, na kila mtu aliyemkuta kazini alisimuliwa kwamba hii ni ya binti yangu, yule mwalimu.

Msimu wa mvua uliopita, kisima kimoja nyuma ya karakana ya mbao kilikaa siku kadhaa kimefunikwa kwa mabati kwa sababu ya mvua. Mvua ilipokatika, wakafunua. Wakashusha tochi, ikawaka mpaka chini. Baba akashuka, akafungua kamba kiunoni kama kawaida yake apate nafasi ya kuinama, na baada ya hapo hakusema neno tena. Mjomba aliita. Alivuta kamba, ikaja nyepesi. Aliita mpaka watu wa karakana wakatoka. Lakini hakushuka, na hiyo ndiyo dhambi yake watu hawakuisahau. Mtu amefanya kazi na shemeji yake tangu ujana, shemeji yuko chini amenyamaza, naye amesimama juu anapiga kelele na kuwashika mashati wengine wasishuke.

Kaka yake Mwalimu, naye mchimbaji, alifika mchana na kumtoa Baba yeye mwenyewe. Alishuka, akakaa chini kule muda wa kutosha kumfunga, akapanda mzima bila hata kukohoa. Na tochi, wote waliiona, ilikuwa bado inawaka pembeni ya maiti.

Basi hukumu ikatoka hapo hapo. Kaka aliisema mbele ya waombolezaji, na kila aliyeisikia aliiona haina tobo. Ingekuwa hewa, taa ingezimika. Taa haikuzimika. Ingekuwa hewa, na mimi ningekufa. Mimi sikufa. Kwa hiyo Baba alianguka au alizidiwa, na angepona kama mshika kamba angekuwa mwanamume. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Hakujibu. Alivaa viatu vyake, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake. Mama akawa amefiwa na mume na kunyang'anywa ndugu katika wiki moja, na hakuna aliyemuuliza lipi lilimuuma zaidi.

Mwalimu naye aliikubali hukumu ile. Hilo ndilo lililomfanya aushike ukuta wa darasa. Amesoma, ana cheti, kila mwaka anafunika mshumaa kwa glasi mbele ya watoto wa watu, na siku msiba ulipoingia nyumbani kwake akaweka akili yake kabatini na kumpa Mjomba kisogo kama wengine. Alijichukia kwa hilo, na alikuwa na haki ya kujichukia.

Alimwomba mwalimu mkuu ruhusa, akasema ana dharura ya nyumbani. Alimkuta Mama jikoni anachambua mboga.

"Kaka yuko wapi?"

"Si yuko kazini. Wamefungua kile kisima leo." Mama hakuinua macho. "Mwenye kiwanja anataka kimalizwe. Kaka yako kasema atakimaliza yeye, ni kisima cha baba yake."

"Kile kile cha nyuma ya karakana? Kilichofunikwa tangu ule msiba?"

"Kile kile. Nilimkataza. Lakini huyo niliyemzaa mimi, masikio kayapata kwa nani sijui."

Ukutani, juu ya mfuko wa mkaa, lilining'inia kandili. Hilo nalo lilikuwa na habari yake. Siku chache baada ya mazishi Mjomba alilituma, likiwa limejazwa mafuta, kioo kimesuguliwa mpaka kinameta, na ujumbe mmoja kwa mpwa wake: alishushe kabla hajashuka. Kaka alilichukulia kama tusi. Anayeogopa kushuka anamfundisha anayeshuka! Angelitupa jalalani kama Mama asingelipokonya mkononi mwake na kulitundika pale kwenye msumari.

Mwalimu alilitungua, akachukua kiberiti, akatoka mbio. Mama aliita nyuma yake, lakini hakukuwa na muda wa kumweleza mtu kitu. Mwanamke mzima, amevaa sketi ya kazini na viatu vya kisigino, anakimbia barabarani na kandili mchana wa jua kali. Waliomwona walikuwa na la kusimulia jioni. Penye karakana ya mbao alivivua viatu akaviacha hapo hapo.

Kaka yake alikuwa amekaa kwenye mdomo wa kisima, miguu ikining'inia ndani, kamba kiunoni. Mshika kamba wake mpya alikuwa mtu mmoja mwenye mabega mapana aitwaye Jeki, kwa kuwa siku moja aliinua gari peke yake, au angalau ndivyo alivyodai. Tochi ya Baba ilikuwa imeshashushwa kwa kamba ya pembeni. Ilionekana chini kabisa, nyeupe, imetulia.

"Kaka! Usishuke! Toa miguu humo!"

"Kuna nini? Mama?"

"Mama hajambo. Toa miguu kwanza."

Aliitoa, zaidi kwa mshangao kuliko kwa utii. Kisha akaliona kandili, na uso wake ukafunga.

"Mdogo wangu, kama umetumwa na yule mtu, rudi darasani kwako."

"Sijatumwa na mtu. Nisikilize kidogo tu, halafu ukitaka kushuka utashuka."

"Kusikiliza nini? Tazama." Akaonyesha chini. "Taa inawaka. Babu alisema, Baba alisema, taa ikiwaka unashuka. Inawaka au haiwaki?"

"Inawaka. Na siku ile iliwaka pia, na Baba alikufa. Kaka, tochi haivuti hewa. Ina betri. Ungeweza kuiweka ndani ya kaburi ikawaka mpaka betri ziishe. Babu hakusema habari za tochi. Babu alisema habari za kandili, kwa sababu kandili linapumua kama wewe. Lilikuwa linashuka badala ya mtu. Sisi tukadhani linamulika."

Jeki alisogea hatua moja nyuma kutoka kwenye kisima, akijifanya anarekebisha kamba.

"Na mimi?" Kaka alisema. Sauti ilikuwa bado ngumu lakini ilikuwa imeshuka. "Mimi nilishuka siku ile ile. Kwa nini sikufa?"

"Ulishuka saa ngapi?"

"Mchana. Baada ya saa nane."

"Na kabla yako watu walifanya nini hapa? Kumbuka walivyosimulia."

Kaka alitazama ndani ya kisima. Alikumbuka, bila shaka. Mtu hasahau siku kama hiyo. Walimwaga maji. Walidhani mzee amezidiwa na joto, wakamwaga ndoo kwa ndoo ndani ya kisima apate fahamu. Walishusha kulabu na kuipandisha, wakashusha ndoo na kuipandisha, watu wa karakana wakashusha ubao mrefu.

"Hewa mbaya ni nzito," Mwalimu alisema. "Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inatoka kwenye udongo, kwenye majani yaliyooza, inatelemka chini na kutulia humo kama maji ndani ya mtungi. Kisima kikifunikwa siku nyingi, inajaa. Huioni, haina harufu wala rangi. Watu asubuhi yote waliikoroga. Walimwaga maji, wakapandisha hiki wakashusha kile, mpaka ikachanganyika na hewa nzuri ya juu. Ulipofika wewe, kisima kilikuwa kimeshapumua. Baba alikikuta hakijapumua."

"Unasema tu."

"Nasema tu, ndiyo. Kwa hiyo usiniamini mimi." Alipiga magoti kwenye udongo, akawasha kiberiti. Kijiti cha kwanza kilivunjika, cha pili kikazimika, cha tatu kikashika utambi. Akarudisha kioo. "Vuta tochi juu."

Jeki aliivuta. Mwalimu akavifunga pamoja kwenye kamba moja, tochi na kandili, ubavu kwa ubavu, vyote vinawaka. Akampa kaka yake kamba ashushe mwenyewe.

Alishusha taratibu, kiganja kwa kiganja. Wote watatu waliinama juu ya kisima. Taa mbili zilishuka, moja nyeupe na moja ya manjano, zikimulika ukuta wa udongo na alama za sururu ya Baba. Zilipita nusu ya njia, kandili bado linawaka vizuri. Zikaendelea. Karibu na chini mwali wa manjano ukasinyaa. Mwalimu aliuona ukiwa mdogo kama punje ya mtama, vile vile kama mezani kwake asubuhi. Ukatetemeka, ukazimika.

Tochi iliendelea kuwaka, nyeupe, imetulia, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kaka alivuta kamba juu, akaliwasha kandili tena kwa mkono wake mwenyewe, akakagua utambi, akatikisa mafuta, akashusha upya. Likazimika pale pale. Akavuta, akawasha, akashusha. Safari ya tatu Mwalimu alimshika bega, lakini Kaka aliutoa mkono huo na kushusha tena, kwa maana alichokuwa anakitafuta mle chini hakikuwa hewa. Lilipozimika mara hiyo aliiachia kamba, akakaa kwenye lundo la udongo na kufunika uso.

"Nilimwita mwoga," alisema. "Mbele ya watu. Mbele ya Mama."

"Ulidhani..."

"Alinishika shati, siku ile. Nilipofika. Alinishika shati nisishuke, nikamsukuma akaanguka." Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, na Jeki akageuka kutazama mbao za karakana ambazo hakuwa na shida nazo.

Mwalimu alikaa kando yake kwenye udongo. Alikuwa na neno la kusema na aliona kwamba asipolisema sasa hatalisema tena.

"Kaka, ile tochi ni mimi niliyeileta."

"Najua."

"Nilimwambia achane na kandili. Nilimwambia haizimiki. Mimi, mwalimu wa sayansi."

Kaka hakumwambia si kosa lako, na Mwalimu alimshukuru kwa hilo, maana asingemwamini. Alimpa tu ncha ya shuka yake ya kazi afute uso.

Siku hiyo hakuna aliyeshuka. Kaka alimwagiza Jeki akate matawi yenye majani mengi, na Mwalimu akawaeleza kwamba hata kandili si mwisho wa maneno, zipo hewa mbaya nyingine ambazo mwali hauzitambui na nyingine zinaweza hata kulipuka, na kwamba vipo vipimo vya kazi hiyo na mashine za kupuliza hewa chini, na wasishuke tena bila kuvitafuta. Kaka aliitikia kila neno. Kisha akaikunja ile kamba nene, kamba ya Baba, akaitia begani. Mwalimu akachukua kandili. Wakaondoka bila kuulizana wanakwenda wapi.

Mjomba alikuwa amekaa nje ya chumba chake, anaziba ndoo ya bati. Tangu msiba ule hakuna aliyemwita kushika kamba, naye akageukia ndoo na masufuria. Alikuwa amekonda. Aliwaona wakija tangu kona ya mtaa, akawatazama mpaka wakafika, halafu akarudisha macho kwenye ndoo yake.

"Shikamoo, Mjomba," walisema pamoja, kama walivyofundishwa utotoni.

"Marahaba. Karibuni. Viti hakuna."

Kaka hakutafuta kiti. Alipiga magoti pale mchangani, mbele ya majirani waliokuwa wanaanua nguo na sasa wameacha kuanua.

"Mjomba, nimekukosea. Tumeshusha kandili leo. Limezimika."

Nyundo ya Mjomba ilisimama. Alikitazama kile kichwa kilichoinama mbele yake.

Mwalimu hakuweza kungoja zaidi.

"Simlaumu mtu mwingine kwa kifo cha Baba, Mjomba. Ni mimi. Ile tochi nilimletea mimi, nikamwambia aache kandili. Nilipaswa kulaumiwa mimi, siyo wewe. Nimekuja kukuambia."

"Najua, mama," alisema Mjomba.

"Unajua nini?"

"Najua ni tochi." Aliiweka nyundo chini. "Nilijua siku ile ile. Asubuhi ile nilikuja na kandili, nimelijaza. Nilimwambia baba yako, shemeji, kisima kimekaa kimefunikwa, tushushe hili kwanza. Akacheka. Akaniambia lirudishe, leo tunamulika na ya binti yangu, haijawahi kuniangusha. Alikuwa na furaha nayo mno. Ningemshurutisha. Sikumshurutisha. Hilo ni langu, silo lako."

"Na ukanyamaza? Wamekutukana, wamekunyima kazi, sisi tumekunyima hata salamu, na ulikuwa unajua?"

Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Siku ya msiba nilikuja na nia ya kusema. Nikasimama mlangoni. Wewe ulikuwa umekaa chini na mama yako, ile tochi umeikumbatia hapa kifuani, unalia unasema, angalau alikuwa na taa yangu. Angalau hakufa gizani. Ulisema hivyo." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Basi nikaona, huyu mtoto nikimwambia, hatasimama tena mbele ya darasa. Mimi mzee. Watu wakininyima salamu, nitalala."

Mwalimu alikaa chini mchangani na kandili mapajani, akalia kama alivyokuwa hajalia hata siku ya mazishi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya muda Kaka alishusha kamba begani, akaiweka magotini kwa Mjomba.

"Kesho sishuki," alisema. "Wala keshokutwa. Nitatafuta vipimo. Lakini siku nitakayoshuka, nataka uishike wewe. Na Mama amepika. Hajui kama unakuja, lakini kila siku anapakua sahani moja zaidi, halafu anairudisha kwenye sufuria. Anadhani hatumwoni."

Mjomba aliipitisha kamba viganjani, pima kwa pima, mpaka vidole vyake vikakuta mahali ilipoanza kuchanika. Akapaonyesha kwa kichwa, bila karipio. Kisha akamnyoshea Mwalimu mkono.

"Nipe hilo kandili, mama. Utambi umeukuza mno, ndiyo maana kioo kimepata masizi."

Akalifungua, akaupunguza utambi kwa mkasi wake wa kukatia bati, akakisugua kioo kwa shati lake mpaka kikameta. Halafu akainuka, akaufunga mlango wa chumba chake, na kuwafuata kwa dada yake.